Radhi Kabla ya Cheche

Mtoni, Unguja
Jumapili, mvua imekatika

Fundi Salmini,

Mwaka wa nne huu tangu nitoke Kasulu, na mwezi wa pili tangu wewe ututoke. Sijui barua ya namna hii huandikwa vipi. Shule niliiachia darasa la sita, na wewe ulikuwa ukiucheka mwandiko wangu, ukisema unakwenda upande kama kaa. Nakuandikia hivyo hivyo, nimeegemea tairi la lori, uwanja wa gereji unafuka mvuke kwa jua lililotoka baada ya mvua. Kuna jambo limetokea na hakuna mwingine nitakayemweleza akalielewa.

Nimechoka, Fundi. Tangu ulipolala baada ya sala ya adhuhuri usiamke, siku zangu hazina mwanzo wala mwisho. Mchana najinyoosha chini ya lori, nasinzia, nikifumbua macho sijui kama nimeamka au bado. Harufu ya petroli inaelea. Mwanga unapita katikati ya matairi kama maji, na mara nyingine naona miguu yako na vile viatu vyako vya ngozi vilivyokatwa visigino, inapita polepole kuelekea mferejini. Nikitoka kutazama, uwanja mtupu.

Juzi nilikuota. Ulikuwa umekaa ndani ya tangi, na mle ndani kulikuwa kweupe kama chumba kilichopakwa chokaa. Maji yalikufika magotini na kanzu yako hailowi. Ukaniita, "Yahya!" Jina langu Yohana, lakini wewe siku ya kwanza tu ulilibadilisha, na nikikujibu "Ee?" ukinikemea: "Hivyo hujibu mbuzi. Mtu hujibu naam." Basi ndotoni nilijibu naam. Uliweka tu kiganja chako ukutani mwa tangi, ukatabasamu.

Lile lori la petroli bado lipo, lile lililoletwa kabla hujatuacha. Unakumbuka tulipofika. Bomba la moshi tulishalihamisha mbele, mbali na tangi, na mdomoni mwake tukaweka kizuia cheche. Swichi ya kukata umeme wa betri tuliifunga nje, ili dereva aifikie hata mlango ukikataa kufunguka. Waya wa kupeleka umeme ardhini wakati wa kushusha mafuta ulishaufunga kwa mkono wako. Kilichobaki kilikuwa vyuma vya kulinda mifuniko juu, ili lori likilala ubavu mifuniko isipasuke na petroli ikamwagika barabarani. Na hivyo lazima vichomelewe kwenye tangi lenyewe.

Hakuna aliyethubutu. Cheche ya kwanza ilikuwa yako siku zote. Haji, mwenzangu hapa gereji, alisema yeye ana watoto. Mimi nilifagia tu. Wiki zikapita, lori limesimama kama ng'ombe mgonjwa. Mwisho mkeo, Bi Zuwena, akatuita. Yuko eda, hatoki, kwa hiyo tulikaa barazani naye akazungumza kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Wanangu, sikulaumuni. Lakini ikiwa hapana wa kuwasha, nkitoka eda nnaiuza hii gereji. Siwezi kuitazama imekufa na yeye kafa."

Nikajibu, "Nitawasha mimi, mama."

Haji alinitazama kama nimepandwa na shetani. Tulipofika uwanjani akasema, "We mbara, ukilipuka tutakurejesha kwenu ndani ya bahasha."

"Ibandike stempu nzuri," nikamwambia. Tukacheka.

Ikabidi kwanza tangi lioshwe na lijazwe maji mpaka shingoni, vyumba vyake vyote vitatu, mvuke wa petroli usibaki na mahali pa kujificha. Haji alichukua kazi ya kujaza. Mimi nilikata vyuma na kuvipinda. Siku ya kuwasha ilipofika, nilifanya ulivyokuwa ukifanya. Sikuwa na namna nyingine ninayoijua. Nilivaa ile kofia yako ya kuchomelea, nikaipandisha kichwani, nikaanza kuzunguka kuomba radhi.

Fundi, miaka yote nilidhani ile ni ibada tu. Kwetu mtu huomba radhi akiwa kitandani anakata roho, kwa hiyo kila ulipoanza kuzunguka mwili wangu ulisisimka. Ulimwomba kila mtu, hata Mzee Shaibu muuza kahawa ambaye hamkuwahi kugombana. Hukumwacha mtu. Na hukuwasha mpaka wa mwisho aseme ameridhika.

Nilianza dirishani kwa Bi Zuwena. Alisema, "Nshakusamehe, mwanangu, duniani na akhera," na nikasikia anajifuta pua. Mzee Shaibu akasema, "Radhi unayo, lakini usinivunjie vikombe." Kisha nikaenda kwa Haji. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anachora chini kwa msumari.

"Haji, nakuomba radhi. Kama nilikukosea, nisamehe."

Aliendelea kuchora. Nikarudia. Akainuka, akakaa tena.

"N'ngoja," akasema. "Usiwashe."

"Hunisamehi?"

"Si hivyo, bwana. Wewe hujankosea kitu." Alitazama lori, si mimi. "Kile chumba cha nyuma sikukijaza. Maji yalikatika mferejini. Dereva kasema kile alikuwa akipakia mafuta ya taa tu, nami nkaona mafuta ya taa hayana shari. Sasa we wanambia nikusamehe... ntakupaje radhi na hilo nnalo moyoni?"

Nilikwenda kwenye lori. Niliweka kiganja kwenye ubavu wa tangi na kutembea nacho taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Jua lilikuwa kali. Chuma kilikuwa baridi. Baridi. Kikaendelea baridi, kama kupapasa shingo ya mtungi. Halafu, pale nyuma, kikaunguza.

Nilikaa chini, Fundi. Nadhani nililia, lakini jasho lilikuwa jingi. Nilikuwa nikikuona unazunguka gereji kwa utulivu wako ule, ukiwatazama watu machoni mmoja mmoja, ukisubiri. Kumbe ulikuwa ukisubiri hili. Mtu anaweza kukudanganya ukimuuliza "Umejaza?" Lakini ukimwomba radhi, kilichomkaa kifuani kinatoka chenyewe.

Sikumgombeza Haji. Tulisubiri maji hadi yaliporudi, tukajaza pamoja mpaka yakafurika juu ya mfuniko. Asubuhi yake nilizunguka tena, upya, kwa wote. Safari hii Haji alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliwapeleka yeye na Mzee Shaibu ng'ambo ya barabara, nikashusha kofia, dunia ikawa giza na kijani, na nikawasha.

Maji ndani ya tangi yaliimba kidogo, kama birika lililo mbali. Basi. Hakuna kingine kilichotokea. Sijawahi kufurahia hivyo kitu kisichotokea.

Lori limetoka jana. Wakaguzi wamelipitisha, na Haji amepanda nalo hadi Bububu bila sababu yoyote, anasema alitaka upepo. Bi Zuwena ameagiza tusafishe uwanja kwa sababu lori jingine linakuja, na la kuuza halizungumzi tena.

Kwaheri, Fundi wangu. Mungu akupe usingizi mwepesi huko makaburini Mwanakwerekwe. Nakuahidi, hakuna cheche itakayowashwa hapa kabla mtu wa mwisho hajasema radhi, hata wakinicheka, hata kazi ikichelewa. Jumatano napanda boti kwenda Dar, kisha nyumbani Kasulu nikamsaidie mama kupanda maharage. Nitarudi kabla Bi Zuwena hajatoka eda. Nitapita kwako kwanza, na begi langu mgongoni.

Yahya wako