Pampu ya Lita Mia na Hamsini

Sosiot,
Jumatano asubuhi.

Dada yangu Molly,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani. Natumaini mguu umepungua kuvimba, na kwamba unameza dawa hata siku ambazo hauumi. Huku mvua ni kila alasiri na chai inachumwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, nami ningejibu kwamba mambo ni sawa.

Habari ni ya Seth. Ulimkubalia mwanao aendeshe gari la mashindano la Kipkurui, yule mkulima wa Mogogosiek, kwa sharti kwamba injini niitengeneze mimi. Niliitengeneza. Niliweka turbo kubwa na nguvu zikapanda karibu maradufu. Jumamosi hii wanashindana kupanda mlima kule Sigor.

Kuna kijana mwenye diploma, Chepyegon, aliyekuja na kompyuta kuipanga injini. Alisema pampu ya petroli iliyokuja na gari haitatosha, tuweke kubwa. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, tena mbele ya Kipkurui. Dada, mimi nilianza kwa kuosha malori ya majani chai. Hakuna aliyenilipia karo ya ufundi. Miaka kumi na tisa nafungua injini, halafu mtu wa juzi ananifundisha petroli! Kipkurui akacheka, akasema basi mzee apime.

Nikapima. Nilichukua mtungi wa maziwa wenye alama za lita, nikachomoa paipu, nikaacha pampu imwage kwa dakika moja. Lita mbili na nusu. Kwa saa ni mia na hamsini, na injini ile hata ikikazwa kabisa hainywi zaidi ya mia na kumi. Chepyegon alijaribu kusema kitu kuhusu presha, nikamuuliza kama mtungi nao unahitaji diploma. Watu walicheka, akafunga kompyuta yake akaenda.

Jumatatu Seth alilijaribu gari mlimani. Alirudi akitabasamu, akaniambia anko, hiki kitu ni mnyama. Lakini mimi nilikuwa nimesikia injini ikigonga, kama mahindi yakirukaruka kwenye sufuria. Alipoenda kunywa chai nikapima upya. Safari hii niliibana paipu mpaka geji ikasoma presha ya injini ikiwa kazini, ile aliyotaka kuisema Chepyegon. Lita moja nukta nne. Themanini na nne kwa saa. Kwa zile mia na kumi zimepungua ishirini na sita, na injini ya turbo ikikosa petroli haizimi. Inachemka ndani mpaka pistoni inayeyuka. Ikinasa, magurudumu yanagoma hapo hapo, na kona za Sigor zina bonde upande mmoja.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Nilifungua plagi zinazowasha petroli ndani ya injini. Ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Hiyo ni pistoni yenyewe, imeanza kuyeyuka. Nikasikia Seth anarudi, nikaipangusa kwa kitambaa, nikaifunga. Aliuliza iko aje, nikamwambia iko safi. Jioni Kipkurui akalichukua gari.

Nimefikiria kuweka pampu kubwa kimyakimya. Haitasaidia tena, maana pistoni imeshaumia. Lazima injini ifunguliwe yote, na siwezi kuifungua bila kusema kwa nini. Tangu jana nimeshika simu mara tatu nimpigie Seth, na mara tatu nimeirudisha mfukoni.

Barua hii nampa Nyambeki wa ofisi ya vifurushi, ikufikie kesho Alhamisi. Kama kufikia hapo Seth hatakuwa amekupigia kukuambia hashindani, ujue nimeshindwa kusema. Mpigie wewe, umkataze. Akibisha, mwambie anko aliipangusa plagi ya tatu. Ataelewa.

Wasalimie majirani, na shemeji pia. Mungu awatunze, na usiiache simu yako bila chaji.

Ndugu yako,
Kepher