Sakafu Yako Haina Kosa

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji yangu hajambo, na watoto? Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu baada ya miaka miwili. Kaa kwanza, hakuna aliyekufa. Sisi huku wazima, ila mgongo wangu tu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu hupanda yenyewe.

Habari kubwa ni ya kazini. Bado niko karakana ileile ya samani. Binti wa bosi amerudi kutoka chuo na karatasi ya maswali arobaini, eti inapima tabia: nani mpole, nani mkali, nani anawezana na watu. Atakayeonekana mpole atapewa meza ya malalamiko kule mbele, penye kiti na feni. Na kwa mgongo huu, kile kiti nilikitaka.

Swali la kwanza likauliza, mtu akikosoa kazi yako unafanya nini. Jibu langu la kweli unalijua, na majirani zako wanalijua. Basi nikajiuliza wewe ungefanya nini, nikaandika hivyo, mpaka swali la arobaini. Ikatangazwa kwamba mpole kuliko wote karakana nzima ni mimi. Fundi wa vanishi alicheka mpaka akaangusha kopo. Wananiita Kiberiti hawa watu! Nyumbani shemeji yako akayasoma matokeo mara mbili, akaniuliza hiyo karatasi ni ya nani.

Nikakaa mezani. Mteja akianza kufoka, naweka penseli ya useremala mdomoni, nauma, nakuwaza wewe, kisha nasema pole mama, pole mzee. Wiki ya kwanza nilitafuna penseli tatu. Lakini watu wakawa wanaondoka wanacheka, nami nikaanza kujiona mtu wa maana.

Mpaka Jumanne iliyopita. Akaja bibi mmoja, mtaratibu kama wewe, akaniambia, mwanangu, mlango wa kabati haufungi. Kabati nililotengeneza mimi mwenyewe. Penseli ikanidondoka. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba kabati ni zima, sakafu yake ndiyo imepinda. Hakubishana, aliomba tu niende nikaone. Bosi akachungulia, akasema niende sasa hivi. Nikajibu kwa sauti laini kabisa, ndiyo bosi.

Hiyo "ndiyo bosi" ikanisumbua njia nzima. Miaka yote nasema ndivyo nilivyoumbwa, nikikasirika siwezi kujizuia. Mbona kwa bosi najizuia? Kumbe hasira zangu zina macho, zinajua nani wa kumrukia. Bibi wa watu. Shemeji yako. Wewe.

Kwa bibi nikaweka pimamaji sakafuni. Kile kipovu kikatulia katikati kabisa, sakafu imenyooka. Nikamwomba radhi, nikauranda mlango, ukafunga.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Siku ile nilipokutengenezea kabati kwako, uliponiambia taratibu, kaka, mlango wa kabati haufungi, nilikufokea mbele ya mkeo na wanao, nikasema sakafu yako ilimwagwa na mlevi, nikabeba zana zangu nikaondoka. Mdogo wangu, sakafu yako haina kosa. Nilipima vibaya. Na nilijua siku ileile, kabla sijafika kituoni, maana karatasi ya vipimo ilikuwa mfukoni mwangu. Nimekuacha miaka miwili na kabati lililo wazi kwa sababu kaka mtu aliona haya kumwangukia mdogo wake. Nisamehe.

Jana nimejaza maswali yale upya, kwa ukweli. Binti wa bosi alitazama majibu, akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Nimerudishwa kwenye misumeno.

Jumapili nitakuja na randa, kama utanifungulia. Msalimie sana shemeji. Watoto waambie baba mkubwa safari hii hatafoka. Ukinikuta nimesimama mlangoni kimya, penseli mdomoni, usidhani ni kiburi. Najitahidi.

Ni mimi kaka yako,
Kiberiti