Kung Fu ya Ijumaa Asubuhi

Abti,

Assalamu alaikum huko uliko, mjomba wangu. Tangu tukuzike, banda lako la video karibu na soko la mbuzi limekuwa duka la simu. Mwenye duka ana adabu, nikipita ananisalimu, lakini siwezi kununua hata chaja pale. Televisheni yako iko kwa Hooyo, mama yangu. Dada yako huyo anaifuta vumbi kila asubuhi na hamruhusu mtu aweke kikombe juu yake.

Utacheka nikikwambia ninachosomea chuo kikuu. Filamu za kung fu, Abti! Nachunguza zilikuwa na maana gani kwa watu wetu hapa Garissa. Hooyo aliposikia alishika kichwa. "Wallahi, afadhali ungesomea hata kuku." Lakini alikuwa anacheka.

Nilitaka kuandika juu ya Ijumaa zako. Wiki nzima banda lilikuwa la wanaume, ila Ijumaa asubuhi, wao wakijiandaa kwenda msikitini, uliwafungulia akina mama peke yao. Walikuja na chupa za chai na watoto mgongoni, nami nimebanwa katikati yao. Ulizima sauti ya Kichina, ukatoka, ukaketi nje ya pazia kwa heshima, ukatusimulia filamu nzima kwa kichwa, Kisomali na Kiswahili kidogo kwa majirani. Mara nyingine ulitangulia, ukamwua adui hata hajaingia, na mabanda ya jirani yakasikia tulivyokuzomea. Kichina hukujua hata neno. Yule mwalimu wa ndevu nyeupe, katika kila filamu, ulimwita abti wa mwanafunzi. Nani mwingine, ulisema, angemvumilia mtoto mbishi namna hii? Nilijua unanisema mimi.

Mwalimu wangu wa chuo alilipenda wazo, akaomba rekodi ya sauti yako. Nikatafuta katika simu za ukoo mzima. Hakuna. Harusi zote tumezirekodi, na wewe unaonekana ukila tu. Abti, hapo ndipo nilipokulilia kweli, kuliko siku ya mazishi. Niliona umekufa mara ya pili, na utafiti wangu umekufuata.

Hooyo ndiye aliyesema niwaite akina mama. Ijumaa iliyopita walijaa sebuleni, magoti yanauma, miwani puani. Nikaweka ile filamu ya hekalu la mlimani. Haikupita muda, Halima, yule muuza maziwa ya ngamia, akanifokea: "Zima hii kelele, binti. Hii si filamu yetu."

Nikazima sauti, picha ikaendelea. Wakanyamaza. Nikadhani wamesahau, roho ikaniuma. Kisha mwanafunzi akapewa ndoo mbili apandishe maji ngazi zote zile, mwalimu anamtazama tu. Na hapo sebule nzima ikasema kwa pamoja, kwa sauti yako, hata na kile kikohozi chako: "Kung fu inaanza kwa kubeba maji. Nyinyi akina mama mmeshafuzu!"

Walicheka mpaka Hooyo akajifuta macho. Wakaendelea mpaka mwisho, wakibishana, wakisahihishana, mmoja akimwua adui mapema kama wewe. Simu yangu ilikuwa inarekodi. Halima akanishika mkono wakati wa kuondoka. Miaka ile, alisema, alibeba maji kutoka mtoni mpaka mgongo ukapinda, na hakuna aliyemwambia ahsante. "Abti yako peke yake aliita hiyo kazi elimu."

Basi jibu la utafiti wangu ndilo hilo, na umenipa wewe. Ahsante, Abti. Ahsante kwa nafasi kwenye mkeka, kwa kunivumilia, kwa kuniachia sauti yako mahali ambapo sikufikiri kutafuta.

Nakuahidi Ijumaa zitaendelea, hapo hapo kwa Hooyo, sauti ya Kichina ikiwa imezimwa. Nitajifunza kusimulia, na nikikosea watanizomea. Allah alipanue kaburi lako na alitie nuru. Pumzika sasa, mwalimu wangu. Maji umeyafikisha.

Binti wa dada yako,
Sahara