Dalia Zilizolala Kwenye Jivu la Kilio

Yaya Georgette, dada yangu,

Minye ni Béa, mdogo wako, yule uliyesema mdomo wake utamfukuzisha hata mbinguni. Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari, na sina subira ya kuizungusha. Dalia zako zimechanua! Zile zile nyekundu za ncha nyeupe, kubwa mpaka zinainamisha shina. Na Jumamosi binti yako Nadège ameolewa akiwa amezishika mkononi. Nakuandikia vidole vyangu bado vina rangi ya majani, nimenawa lakini haitoki, na sitaki itoke.

Sasa acha nikueleze, kwa sababu ulipoondoka mambo yaliharibika kabisa.

Ulikuwa umeshazifukua, unakumbuka. Mvua ilikuwa imekwisha, majani yamekauka, na weye, pamoja na kikohozi chako chote, ulichuchumaa uwanjani unavitoa viazi vyake kimoja kimoja na kuvikung'uta udongo. Kila mwaka nilikuuliza kwa nini huviachi chini, na kila mwaka ulinijibu vile vile: "Béa, mchwa haina konje." Na ni kweli, mchwa wa Likasi hawajawahi kwenda likizo. Kiazi kikilala ardhini wakati wa ukavu, mvua ikirudi unakuta ganda tu. Kwa hiyo uliviweka kwenye gunia pale jikoni, ukingoja jivu litoshe ili uvifukie ndani yake kwenye kapu mpaka mvua nyingine.

Jivu halikutosha. Ulituacha katikati ya baridi, Yaya, na gunia likabaki pale pale.

Kilio chako kilijaa watu, usiwe na wasiwasi. Uwanja wote ulijaa. Tuliwasha moto mkubwa nje kwa sababu ya baridi, na haukuzimika tangu tulipokuleta nyumbani mpaka tulipotoka makaburini na watu wakaanza kutawanyika. Shangazi yetu, Tantine Odile, alikuja kutoka Kambove na kanga zake na kelele zake, akashika jikoni, hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Watu ni wengi, chakula hakitoshi, akaona gunia. Unamjua Tantine. Akamenya, akakata vile vichwa vigumu vya juu, akavitupa, akachemsha, akamwagia karanga.

Umeelewa? Walipika dalia zako! Walizila kwenye kilio chako mwenyewe! Na minye nilikula, nimekaa kwenye mkeka na sahani yangu, macho yamevimba, sikuhisi hata kitu. Tantine peke yake, aliyedhani ni viazi vya kula, ndiye aliyetoa maoni. "Bilazi ya Georgette iko maji-maji," alisema, "lakini inakulika."

Nilipoingia jikoni kuchukua maji nikaona gunia tupu. Ee Mungu wangu. Nilipiga kelele ambayo hata siku uliyokata roho sikuipiga. Wamama wakanikimbilia, wakanishika mikono, pole Béa, pole, yaya amepumzika. Na minye nawaambia, "Bilazi! Mumekula bilazi!" Wakatazamana. Mmoja akasema huzuni imenipanda kichwani, wakanilaza.

Ungecheka. Minye sikucheka, kwa sababu nilikuwa nawaza Nadège. Mtoto hakukuomba nguo, hakukuomba sherehe kubwa. Ulipojua hutafika arusi yake, ulimwambia ashike dalia zako siku hiyo, ndivyo utakavyomsindikiza. Akalishika neno hilo. Na hicho tu alichokuwa amebakiza kutoka kwako kilikuwa kwenye matumbo ya ukoo mzima.

Nikampigia kaka yetu Didier kule Liège, Ubelgiji, maana yeye ndiye mtu pekee uliyewahi kumpa kiazi. Tuseme ukweli, Yaya, ulikuwa mchoyo wa dalia. Didier akaanza kuomba msamaha kabla sijamaliza, nikajua. Ulimwonya kwamba kule adui si mchwa, ni baridi ya ardhi, lazima azitoe kabla haijagandisha udongo na aziweke kwenye chumba cha chini ya nyumba. Akazisahau nje kwenye balkoni, ndani ya chungu. Theluji ikapita juu yake. Alipochimba, anasema, vilikuwa laini kama bukari ya jana, ugali uliolala. Nilimtukana kidogo. Haya basi, nilimtukana sana.

Halafu familia ya bwana arusi ikaja kupanga siku. Mama yake, Mama Charlotte, ni mwanamke mwema, sisemi kitu, ila alikuja na mfuko wa maua ya plastiki, anayapanga juu ya meza yako, anayasifu kwamba hayanyauki na yanaoshwa kwa sabuni. Nadège akainamisha kichwa. Hapo mdomo wangu ukaniponyoka, mbele ya familia mbili: "Mutoto ya Georgette hawezi kuingia kanisa na plastiki. Dalia zitakuwako." Mama Charlotte akauliza kwa upole, "Ziko wapi?" Nikamjibu, "Zinalala."

Zinalala! Minye huyu, sina hata mzizi mmoja. Nadège alinitazama akaamini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kuanzia hapo kila nikitoka sokoni na kikapu changu cha samaki wa ziwa Tshangalele nilikuwa napitia nyua za watu kama mwizi, nachungulia. Nimeona mawaridi, nimeona maua ya kana, nimeona kila kitu. Dalia hakuna.

Mvua ikarudi. Siku moja asubuhi nikaenda nyuma ya jikoni yako kumwaga maji ya samaki kwenye shimo la takataka. Nikaona majani. Manene, yenye meno pembeni, na shina lina wekundu chini. Nikasimama na beseni mkononi. Nikasema moyoni, Béa, usijidanganye, ni magugu. Nikapiga magoti kwenye uchafu nikachimba kwa vidole, na chini hakukuwa na udongo, kulikuwa na jivu. Jivu tupu, kavu ndani, laini, la kufikia kwenye kiwiko.

Yaya, lilikuwa jivu la moto wa kilio chako! Watu walipoondoka tulizoa uwanja na kulimwaga lote pale, juu ya maganda, juu ya vile vichwa Tantine alivyokata na kutupa. Na dalia inaota wapi? Si weye uliyenifundisha, unanishika kidole na kukiweka pale shingo inapokutana na bua? Macho yake yako kichwani. Tumbo la kiazi halioti kitu, hata ulipande miaka. Walikula matumbo, Yaya. Macho waliyatupa, kisha wakaja wote kukulilia, wakaota moto wako, na moto wao ukayahifadhi kama vile ungefanya weye mwenyewe.

Nilicheka pale shimoni mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia, "Zimeamka!" Akarudi ndani haraka.

Nikazihamisha moja moja pamoja na donge lake. Nikazipanda mahali pako, karibu na ukuta unaopata jua la asubuhi, nikafukia vichwa vya samaki chini, nikazifungia vijiti kabla hazijaanza kuyumba. Mvua kubwa ilipokuja na kujaza uwanja nikatoka na jembe, nimejifunika mfuko wa saruji kichwani, nikachimba mfereji, maji yakapita. Huku kwetu zikilala zinakufa kwa mchwa, na zikiamka zinakufa kwa maji. Sasa ndiyo naelewa ulikuwa unafanya nini huko nje miaka yote hiyo, na minye ndani nakunywa chai nikikuita uingie.

Za kwanza zilichanua wakati wa Kwaresima, wakati altare haipambwi maua. Hazijui kalenda ya kanisa, hizo. Nikazikata nikakuletea makaburini, uliziona. Na kadiri nilivyokata ndivyo zilivyoongeza. Pasaka ilipopita ukuta wako wote ulikuwa mwekundu, watu wanaoenda kazini kwa baiskeli wanateremka na kusimama. Mama Charlotte alikuja kuangalia kwa macho yake. Alizunguka kila shina. Akasema tu, "Kumbe zilikuwa zinalala kweli." Nikamwambia, "Si nilisema?"

Oo, Yaya, raha ile!

Kanisa lilijaa. Nadège aliingia ameshika mkono wa Didier, ndiyo, alikuja, amenenepa, amevaa koti la baridi kwenye ndege mpaka Lubumbashi, na alilia alipoziona zile dalia, kabla ya mtu yeyote. Minye nililia tangu mlangoni, sikujificha. Baada ya misa tukatoka kupiga picha kwenye ngazi. Mpiga picha ni kijana mgeni, hajui lolote, anaita watu kwa zamu. Akaita baba wa bwana arusi. Akaita Mama Charlotte. Halafu akamwita mama wa bibi arusi kwa sauti kubwa, "Mama ya mariée!"

Watu wote wakanigeukia. Hata watoto. Nikaanza kusogea, nikasema nitajaza ile nafasi, nifanyeje. Nadège akanizuia kwa mkono. Akachukua dalia zako, akaziinua mpaka zikafika usawa wa shavu lake, upande wa kushoto, pale mama anaposimama. Akamwambia kijana, "Piga tu. Mama yangu iko hapa."

Vigelegele vilivyotoka pale, Yaya, nadhani hata kule Kakontwe wamesikia. Tantine Odile alipiga mpaka sauti ikakatika.

Nakuahidi hivi. Majani yakikauka nitachuchumaa uwanjani kwako na kuvifukua viazi minye mwenyewe, na sitakuwa mchoyo kama weye, nisamehe. Didier amejifunza, atarudi na vyake Liège na kuviweka ndani kabla ya baridi. Mama Charlotte ameomba, nitampa. Nadège anahamia Kolwezi na bwana wake na atakwenda na kapu lake. Mwaka kesho utachanua kwenye nyua ambazo hukuwahi kufika.

Pumzika sasa, mama wa mariée. Picha zimetoka, nimekupelekea moja pale makaburini, nimeisimamisha kwenye msalaba wako. Angalia upande wa kushoto. Umependeza sana.

Mdogo wako,
Béa