Kwa Fundi Makochi, Aliyempa Kila Mtu Albamu Yake

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile uliposema kifua kimekubana, ukaketi kwenye kochi la mteja ambalo hata kitambaa lilikuwa halijavaa, na hukuinuka tena. Tunaandika haya ili waliokujua wasome wakiwa pamoja nasi, na wasiokujua wajue walichokosa.

Ulikuwa fundi makochi. Mikono yako ilinuka gundi hata ukiwa umevaa suti. Misumari midogo uliiweka mdomoni, ukawa unaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi huku nyundo ikiendelea, na ndiyo maana wageni walidhani wewe ni mtu mkimya. Sisi tulijua. Ukiitema misumari kiganjani, kuna neno linakuja, na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa juu ya Jamaa.

Jamaa ndilo jina ulilowapa watu wa bendi uliyoipenda. Wapiga roki wale wa nyimbo ndefu: wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri, kinanda kinapanda, gitaa linajibu, halafu ngoma zinabadili mwendo ghafla kana kwamba mpigaji amekumbuka ameacha sufuria motoni. Ulikuwa na santuri zao zote, umezipanga kwenye rafu uliyoivisha sponji ili zisikwaruzike. Majina yaliyochapwa kwenye majalada hukuyajali. Uliziita kwa picha zake: Mwavuli, Mizani, Mlango Mwekundu, na ile Kijivu ambayo haikuwa na picha yoyote.

Hakuna kochi lililotoka karakanani kwako bila kukaliwa. Likimalizika, ulikaa juu yake na kusikiliza wimbo mzima, mrefu kuliko yote, umefumba macho. Mteja amesimama mlangoni na gari linamngoja. "Bosi, limekwisha?" "Ngoja kidogo. Kochi zuri kwa dakika tano za kwanza, mtu yeyote analiweza." Yule mzee mwenye mgongo mbovu, uliyemrudishia kiti chake ukiwa umeongeza sponji bila kumwambia, mpaka leo anakutaja akikaa, na anakutaja akiinuka.

Jumamosi mchana karakana ilijaa wapenzi wa Jamaa. Walikaa popote, kwenye makochi yaliyochunwa, springi nje, mmoja juu ya mkono wa kiti, mwingine juu ya marobota ya sponji. Sponji zile zilipanda hadi darini na kumeza mwangwi wote. Burashi, rafiki yako fundi wa rangi, alizoea kusema kwamba kwingine mtu anasikia muziki, lakini kwa fundi mtu anakaa ndani yake. Kisha mabishano yalianza, albamu ipi ni baba wa zote, ipi ni ya kumpa mgeni, ipi ya kufichwa wageni wakija. Sheria yako ilikuwa moja tu. Ukitaka kuiponda albamu ya mwenzako, sharti uisifu kwanza, na uisifu kwa kweli.

Binti yako anaikumbuka Jumamosi moja alipokuwa amekaa pembeni na vitabu vyake vya masomo ya jioni.

"Mizani ni usingizi mtupu," Burashi alitangaza. "Ule wimbo wa kwanza ukianza, hata mbu wanapiga miayo."

Ukatema misumari. "Burashi. Sheria."

"Aa, Mzee, leo nisamehe."

"Isifu kwanza."

Burashi akajikuna kichwa, rangi nyeupe ikadondoka kutoka kwenye kucha. "Haya. Pale mwisho, wote wanaponyamaza na kinanda kikabaki peke yake... Pale ni kama umerudi kwenye nyumba uliyoipaka mwenyewe, rangi imekauka, na hakuna mtu aliyegusa ukuta." Akakugeukia. "Unaona sasa? Umeniharibia. Nilitaka kuiponda."

Nesi, mwenzenu mwingine wa Jumamosi, anayependa Mizani kuliko mshahara wake, alicheka mpaka springi zikalia chini yake. "Mwacheni! Atakuja kuiazima huyu."

Na kweli aliiazima, akakaa nayo mwezi.

Mgeni akija kuuliza aanze na ipi, wengine wote walimpigia kelele za albamu bora. Wewe hukumpa bora. Ulimuuliza analalaje, ana mambo gani moyoni, anakula haraka au polepole. Yule dada aliyekuja kuchukua viti vya ofisi na macho yamevimba kwa sababu ya mchumba, ulimpa Mlango Mwekundu. "Ina hasira," ulimwambia, "lakini inaisha ikiwa imetulia." Binti yako naye, alipokuwa mjamzito, mtihani uko mlangoni na hasomi hata ukurasa bila kulia, ulimwekea Mwavuli. "Hii inapotea njia katikati. Usishtuke. Hawa Jamaa wanajua kwao." Alifaulu, Baba. Mtoto alizaliwa miezi mitatu baada yako, na ana masikio yako, yale yanayotangulia mbele ya uso.

Mtu mmoja tu hukuwahi kumpa albamu, nasi sote tulilijua hilo. Mama.

Mama ndiye aliyeshona vitambaa vya makochi yako yote, kwenye chumba cha pili, nyuma ya ukuta. Ulichungulia mlango wa kati ukamwita. "Mama watoto, njoo usikie hapa!" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Nikija huko, huku atashona nani? Hao Jamaa zako?" Watu walikutania. "Mzee, dunia nzima umeigawia albamu, mkeo je?" Ulicheka tu na kurudisha misumari mdomoni. Kwa hiyo tuliamini umemshindwa.

Ulipoondoka, Mama aliifunga karakana. Cherehani aliifunika shuka. Binti yako alihamia kwake na mtoto, akawa anamsikia akitembea ndani ya nyumba kama mtu anayetafuta kitu na amesahau ni kitu gani. Hakulia mbele yetu. Alijibu alipoulizwa, alikula alipowekewa. Kumwona hivyo kulituumiza kuliko kilio.

Mpaka jioni moja, akikunja nepi za mjukuu wako, alisema kama anayezungumza na nepi, "Wale rafiki wa baba yako. Waulize, mimi nianze na ipi."

Moyo wa binti yako uliruka. Kisha Mama akaendelea.

"Moja tu. Watu wote wanasema yumo humo ndani ya zile sahani zake za muziki. Nami nikimkuta, sawa. Nisipomkuta, waje waibebe rafu yote wagawane, nikodishe chumba kile. Siwezi kuishi na mlango uliofungwa."

Binti yako alilipeleka swali hilo kwa Burashi na Nesi, na tangu aanze kuwajua hajawahi kuwaona wakiogopa hivyo. Walibishania sebuleni kwa Nesi, chai ikapoa.

"Mizani," alisema Nesi. "Ni mtu aliyefiwa. Mpe kitu kipole."

"Umpe mfiwa kinanda cha msiba? Nesi, we unatibu watu kweli?" Burashi alipiga paja. "Mwavuli! Ndiyo kubwa yao. Huwezi kumpeleka mtu kwenye nyumba ya mtu ukamwingizia mlango wa jikoni."

"Isifu Mizani kwanza."

"Nimeisifu tangu mwaka juzi, nimechoka! Alimradi tusimpe Kijivu, maana hapo atatutoa na fimbo."

"Hata Kijivu uisifu."

"Ni fupi," alisema Burashi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba walicheka wote wawili, halafu wakafuta macho.

Kijivu, kwa msomaji asiyewajua Jamaa, ni albamu waliyoitoa baada ya mwimbaji wao kujiondoa. Karibu yote ni besi na ngoma. Wapenzi wao huiruka kama dimbwi njiani. Basi wakaafikiana Mwavuli, na Nesi akakubali shingo upande.

Jumamosi hiyo Mama alifungua mlango mwenyewe. Harufu ya gundi ilitupokea. Alikaa kwenye kochi lako la mwisho, lile lisilo na kitambaa, mikono juu ya magoti. Burashi alishusha sindano kama anayemlaza mtoto.

Mama alisikiliza kwa adabu, kama mtu aliye kwenye baraza la wakwe. Muziki ulipanda, ukatulia, kisha sauti ya mwimbaji ikaingia, na Mama akageuka.

"Kumbe kuna mtu anaimba?"

Burashi na Nesi walitazamana.

"Miaka yote hii," alisema Mama. "Sikujua kama kuna mtu anaimba."

Upande ulikwisha. Mama aliinuka, akakung'uta gauni. "Ni nzuri. Tena nzuri sana, asanteni. Lakini simwoni humo." Alisema hivyo kwa upole, na ule upole ndio uliotukata. Burashi alianza kuitoa santuri ya kwanza kwenye rafu, kwa sababu alikuwa amekubali sharti la Mama na sasa lazima abebe.

Mama aliingia chumba chake cha kushonea. Binti yako alimfuata, mtoto begani, bila kujua anamfuata kumwambia nini. Alimkuta amekaa kwenye cherehani, shuka ikiwa imesogezwa, kwa mazoea tu, hakuna uzi, hakuna kitambaa.

"Mama, sasa huku nyuma wewe ulikuwa unasikia nini?"

"Mtikisiko. Sauti gani itapita ukuta huu? Ilikuwepo moja aliyokuwa akiiweka asubuhi za kazi, kabla watu hawajaja. Hiyo ilinipendeza. Nyingine zote zilinivurugia mshono, nikawa nazisubiri ziishe. Hiyo ilikuwa inakwenda na mguu."

"Inakwendaje?"

Mguu wake ndio uliojibu. Ulianza kukanyaga kanyagio, mwendo wa ajabu, unaochechemea, unavuta, unajikwaa, kisha unajiokota mahali pasipotarajiwa na kuendelea. Gurudumu likazunguka. Hakufikiri hata kidogo, alikuwa akitazama dirishani.

Burashi alisimama mlangoni na santuri kifuani. "Nesi," aliita polepole. "Nesi, njoo usikilize mguu wa Mama."

Nesi alikuja. Alitega sikio, akaweka mkono mdomoni. "Haiwezekani."

"Ndiyo yenyewe. Kijivu."

"Lakini hakuwahi kuiweka! Jumamosi zote hizo, hakuiweka hata siku moja. Si tulijua haipendi?"

"Hakutuwekea sisi," alisema Burashi. Akageuka, akaitazama karakana, na uso wake ukabadilika. "Ile spika moja. Ile aliyoigeuza ikatazama ukuta huu. Si tulimpigia kelele, Mzee, geuza spika, unatunyima nusu ya muziki? Akasema mahali pake ni hapo."

Binti yako alienda mwenyewe kuitoa Kijivu. Jalada lake lilikuwa limelainika kingo zote kama noti ya zamani. Aliiweka, akafunga mlango wa kati, akabaki upande wako wa ukuta na mtoto wake. Besi ilianza. Kisha, kutoka upande wa pili, cherehani ikaingia, ikakamata mwendo pale pale, kama mtu aliyekuwa akingoja kushikwa mkono avuke barabara.

Ilikwenda hivyo upande mzima. Ilipokwisha tulimsikia Mama akilia, kilio kikubwa cha sauti, kile tulichokingoja tangu siku ya mazishi. Nesi alitaka kuingia, Burashi akamzuia. "Mwache. Wanazungumza."

Alitoka baadaye, macho mekundu, kichwa juu. Aliitazama rafu, akamtazama Burashi aliyekuwa bado ameikumbatia santuri. "Rudisha hiyo mahali pake," alisema. "Na wewe Nesi, usiiguse ile spika."

Anashona tena, Baba. Kochi lako la mwisho amelivisha kitambaa yeye mwenyewe, akamwita mwenye kochi alichukue, na kabla hajalitoa alimlazimisha mteja akae asikilize wimbo mzima. Mlango uko wazi. Jumamosi huja kukaa na kina Burashi, na amekuwa mbishi kuliko wote. Anashikilia kwamba Jamaa walianza kupiga vizuri mwimbaji alipoondoka, na hakuna sheria iliyoweza kumtoa hapo. Juzi alimwambia Burashi, mbele ya watu, kwamba Mwavuli ina maneno mengi kama Burashi mwenyewe.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliye upande wa pili wa ukuta; binti yako na mume wake; mwanao wa kiume aliye mbali, ambaye sasa anapiga simu Jumamosi ili asikie kelele; mdogo wako; mjukuu wako, ambaye bado anachagua albamu yake; Burashi, Nesi, na wote waliowahi kukaa kwenye springi zako.

Pumzika, Fundi. Tutakukumbuka daima, na si Jumamosi peke yake.