Perege wa Baba Mkwe

Jumapili, Tlawi. Ukungu tangu asubuhi, na roho yangu haijatulia.

Leo nimefanya jambo la aibu, tena mbele za watu.

Jumapili ni siku ya wanaovua kwa kujiburudisha hapa ziwani. Masharti ya kijiji ni machache: ndoana tu, nyavu marufuku, na perege asiyefika alama kwenye kijiti arudishwe majini akiwa bado hai. Mshika kijiti ni mimi. Kamati ilinichagua kwa sababu, walisema, sina upendeleo.

Saa tatu nilimrudisha majini perege wa Mama Yasinta, muuguzi kutoka Mbulu mjini. Alipungua upana wa kidole kimoja tu. Mama alinuna, lakini akakubali.

Nusu saa baadaye akaja Mzee Tluway na perege mdogo kuliko yule.

Mzee Tluway ndiye baba yake Paskalina, na Jumamosi wazee wangu wanakwenda kwake kuposa. Nikamwamkia shikamoo, nikainama, nikampokea samaki kwa mikono miwili kama inavyopasa. Nikiwa bado nimeinama, nikakisogeza kijiti kidogo kwa kidole gumba. Mkia ukagusa alama.

"Ametosha, baba," nikasema.

Mama Yasinta aliona. "Kumbe kijiti nacho kina wakwe!" Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alibeba samaki wake akaondoka.

Saa kumi nikapanda hadi nyumbani kwake, nikamwambia ukweli: samaki alikuwa mdogo, na nilidanganya kwa kuogopa kuharibu posa. Nilidhani atanisifu kwa kusema kweli. Mjinga mimi!

"Yaani umefunga safari kuja kuniita mwizi nyumbani kwangu?" aliuliza, akaingia ndani. Paskalina alinitazama kutoka mlango wa jikoni, kisha akamfuata baba yake. Mpaka sasa hajapokea simu yangu.

Naogopa. Nampenda sana Paskalina, na sijui kama hiyo Jumamosi wazee wangu watapewa hata viti vya kukalia.

Kesho nitamtafuta Mama Yasinta nimwombe radhi. Na Jumapili ijayo, Mzee akija na samaki, nitamwamkia kwa heshima zote, kisha nitampima perege wake mbele ya kila mtu.

Mungu anisaidie, kidole gumba kisisogee.