Kumi na Mmoja, Wote

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si hata lile daftari langu ambalo huliambia kila kitu. Nitakuandikia wewe, lakini niruhusu nifike polepole. Unanijua: hata kuomba chumvi mezani lazima kwanza nikohoe mara mbili.

Natumaini u mzima na kozi ya ukunga haijakukondesha. Sisi hatujambo. Mama bado yuko zamu ya mchana katika kiwanda cha mikate. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimuuliza anasema ngazi ndizo zinazoumwa. Binti yako ni mzima, amefikia urefu wa kitasa cha mlango, na lile jina la Bi Swali limemganda. Jana alitaka kujua kuku aliyaweka wapi masikio yake.

Habari kubwa ni ya chumba cha chini. Tangu uondoke utaratibu ni uleule. Kila mtu mzima wa jengo hutoa mchana mmoja kwa wiki kukaa na watoto ambao wazazi wao wako kazini. Mwenye zamu huvaa ule ufunguo wa kamba nyekundu shingoni, na wakati wa kupokezana anayetoka hutaja idadi ya watoto kwa sauti, anayeingia huirudia, ndipo ufunguo unapohama shingo. Nilipotimiza miaka kumi na sita nilipewa nusu zamu ya Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Anayenipokea ni fundi cherehani wa ghorofa ya pili, yule aliyetushonea sare zote tulizowahi kuvaa.

Wiki tatu zilizopita mtoto mmoja alitoka bila kuonekana. Dada, alikuwa binti yako. Kwanza jua kwamba hakupata hata mchubuko. Mama alinikataza kukuandikia mpaka umalize mtihani, na mtihani umeisha juzi. Alivuka peke yake ile barabara ya mabasi, na akapatikana kwa kinyozi wa kona, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, akimuuliza mteja upara huanzia upande gani. Kinyozi alisema hakupoteza muda kuuliza mtoto ni wa nani. Alimpa maji, akafunga mlango wa barabarani, akamtuma mteja mwingine, aliyekwisha kunyolewa nusu kichwa, azunguke majengo akitangaza. Watoto hapa bado wanaigiza lile tangazo.

Lakini watu wazima hawakucheka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa fundi cherehani, kwa hiyo lawama zote zilimwangukia yeye. Alisema aliambiwa kumi na mmoja, wakamjibu kwamba macho alikuwa nayo. Jina lake likafutwa kwenye ubao wa zamu. Siku hizi anapita ngazini bila kusimama kupiga soga, na alimwambia mama kwamba labda uzee umeanzia kwenye macho, akaenda kuyapima.

Kisha diwani akaja. Chumba ni mali ya baraza la mji, na yeye amekuwa akikitaka kwa muda mrefu kiwe stoo ya viti vya mikutano. Alisimama mlangoni akasema mtoto ni wa waliomzaa, na kwamba yeye hakuchaguliwa ili abadilishe nepi. Dobi wa ghorofa ya chini akamkumbusha kwamba wakati wa kura aliwabeba haohao akapigwa nao picha, na siku ile walikuwa watoto wa taifa. Diwani akasema mambo yataamuliwa Jumamosi kwenye mkutano wa wakazi, ila yeye kofuli ameshanunua.

Mama hasemi, lakini najua anachokifikiria anapokanda lile goti. Chumba kikifungwa, ama yeye anaacha kiwanda, ama wewe unaacha kozi ukiwa umebakiza miezi saba. Kitabu chetu cha uraia kinasema serikali hujenga barabara kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujijengea yake peke yake. Nimetafuta mahali walipoandika kuhusu mtu wa miaka minne, ambaye pia hakuna anayemweza peke yake. Sijapaona.

Sasa nimefika. Alhamisi ile nilikuwa na kitabu, na zilibaki kurasa nne. Fundi cherehani aliposimama mlangoni na futi yake shingoni, nilisema kumi na mmoja, wote. Sikuinua macho. Alirudia kumi na mmoja, akavaa ufunguo, nami nikaondoka huku nikisoma. Sikuhesabu, dada. Kinyozi alisema mtoto aliingia dukani kwake kabla redio haijasoma habari za saa kumi. Hakuna aliyelipima neno hilo ila mimi. Mimi ambaye mwanao ananiita mama mdogo nilimpoteza, kisha nikanyamaza wiki tatu mwingine akibeba lawama. Nisamehe ukiweza.

*

Hapo juu niliandika Jumatano ya wiki iliyopita. Leo ni Ijumaa. Barua ilikaa juu ya meza bila bahasha, maana niliona ni woga kuyapeleka maneno yale mbali kwako wakati aliyelaumiwa mwenyewe anakaa ghorofa mbili chini yangu.

Basi nilishuka. Fundi cherehani alinisikiliza mguu ukiwa bado kwenye pedali. Aliushusha, akasema kumbe macho yake ni mazima. Nilidhani amenisamehe. Baadaye ndipo hasira ikaja: akaniuliza wiki tatu nzima nilikuwa namwamkiaje shikamoo kila asubuhi bila ulimi kunikwama. Alinipa shati nifumue mshono, nikafumua, na tukakaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani.

Jumamosi nilisimama mkutanoni mbele ya watu wote. Nilikohoa mara mbili, nikasema. Mama aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Diwani alifurahi sana, akasema ushahidi ndio huo, watoto wanalindwa na watoto. Kinyozi akanyoosha mkono, akasema anakubaliana na mheshimiwa kabisa. Kwa hiyo badala ya kofuli, baraza lilete mtu mzima aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, akae humo saa ambazo wengine wanaoka mikate na kuendesha mabasi ya mji huuhuu. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba hilo linawezekana. Walipopiga kura, mikono iliyotaka kofuli ilikuwa mitatu. Chumba kitabaki wazi, ombi litapelekwa kwenye kikao cha baraza, na watatu wetu watakaa humo ukumbini ili lisipotee njiani. Mama ni mmoja wao. Anasema goti litapona siku hiyo.

Jina la fundi cherehani limerudi ubaoni. Langu aliliandika yeye mwenyewe chini ya lake, kwa herufi ndogo, na akasema mwezi huu atakuwa anashuka saa tisa kunitazama.

Mama anakusalimu sana, na anasema usithubutu kupanda basi kurudi kabla ya cheti. Bi Swali anauliza kama huko uliko watoto wanazaliwa wakiwa na majina. Nikasirikie kadiri unavyotaka, ila niandikie.

Jana ilikuwa Alhamisi. Kitabu nilikiacha nyumbani. Saa kumi kasoro dakika tano niliwapanga ukutani nikawagusa vichwa mmoja mmoja, binti yako mara mbili. Fundi cherehani alipofika mlangoni nilimtazama usoni nikamwambia kumi na mmoja, wote. Hakurudia. Aliingia, akawahesabu mwenyewe kwa kidole, kisha akanyoosha mkono nikampa ufunguo.

Mdogo wako akupendaye,
Kamusi